Bei ya Huku, Bei ya Kule

Walimwita Mama Mizani, na jina lenyewe hakupewa kwa ubaya. Katika mtaa ule ulioegemea daraja la mpakani, ni wanawake wachache walionunua sabuni au mafuta ya kupikia kabla hawajapita kibarazani kwake, wakasimama mbele ya cherehani na kuuliza, "Mama Mizani, leo sukari iko wapi?" Naye, bila kuondoa mguu kwenye kanyagio, angejibu kama mtu anayesoma saa ukutani: "Sukari huku. Mafuta kule. Sabuni ya unga ilikuwa kule mpaka juzi, sasa imerudi huku. Viberiti popote, usijichoshe."

Huku na kule. Watu wa mtaa ule hawakuwa na haja ya kutaja nchi kwa majina. Mto mwembamba ulipita katikati, juu yake daraja la zege, na katikati ya daraja geti la chuma. Huku shule zilikuwa nzuri na unga ulikuwa rahisi. Kule kodi ya nyumba ilikuwa ndogo, mafuta yalikuwa rahisi, na dawa zilikuwa nusu ya bei. Basi watu waliyakata maisha yao kama fundi anavyokata kitambaa kisichotosha: mgongo kutoka kipande hiki, mikono kutoka kile. Mwalimu alifundisha huku akalala kule. Muuguzi wa zahanati vivyo hivyo. Kinyozi alinyoa kule, akarudi kula huku. Kila mmoja alijiona mjanja, na kweli alikuwa mjanja, maadamu geti lilikuwa wazi.

Mama Mizani hakuzaliwa na ujanja huo. Alilelewa na mama ambaye hakuwahi kuuliza bei ya kitu chochote. Mama yule aliingia dukani, akaonyesha kidole, akapokea alichopewa na kutoka ameinamisha kichwa, kwa kuwa anayeuliza bei ni yule anayeweza kwenda kwingine, na yeye hakuwa na kwingine. Binti aliiona shingo ile iliyoinama, na picha yake haikumtoka. Alipoolewa na fundi pancha, akanunua cherehani na kuhamia mtaa wa darajani, alijiapiza kwamba hatatajiwa bei maishani mwake bila kuwa na nyingine mdomoni. Bei ya pili ndiyo iliyoinyoosha shingo yake. Aliivaa kama alivyouvaa utepe wake wa kupimia, ambao hakuuvua shingoni hata wakati wa kula.

Aliyeumia zaidi kwa bei hiyo ya pili alikuwa kijana mwenye duka la dawa, mkabala na kibaraza chake. Mtaa mzima ulimwita Dokta, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akikanusha.

"Hii bei umeitoa wapi, Dokta? Dawa zako zinakuja kwa ndege?"

"Kwa lori, mama, kama dawa zote. Ila lori langu linalipa ushuru."

"Basi liambie likapumzike. Kule ni nusu."

Na wateja waliokuwa wamesimama pale wangecheka, kisha mmoja mmoja wangerudisha pesa zao mfukoni na kutoka. Dokta naye angecheka pamoja nao. Ni mtu gani anayeweza kumkasirikia mwanamke anayesema kweli?

Mama Mizani alikuwa na mtoto mmoja, msichana mdogo mwembamba ambaye bibi yake alimpa jina la Kinda, kwa sababu alizaliwa mdomo wazi akitafuta hewa. Kinda alikuwa na pumu. Kulipokuwa na vumbi, au baridi, au moshi wa malori, kifua chake kilifunga kama mlango uliovimba kwa mvua, na kilichoweza kuufungua ni pampu ya kupuliza mdomoni, kile kidude cha bluu kinachotosha kiganjani. Pampu ilinunuliwa kule. Lingekuwa jambo la ajabu inunuliwe kwingine.

Siku ya Ijumaa mumewe aliitikisa pampu sikioni kama mtu anayesikiliza yai.

"Hii imekaribia kwisha, Mama Kinda. Chukua moja hapo kwa Dokta."

"Kwa bei ile? Jumapili si kesho kutwa? Utakwenda sokoni kule, utaichukua pamoja na mafuta."

"Na ikiisha kabla?"

"Haitaisha. Mimi ndiye ninayeijua."

Mumewe aliirudisha pampu rafuni. Alikuwa mtu wa maneno machache; siku nzima alizungumza na matairi, na matairi hayabishi.

Jumapili asubuhi alivuka daraja akiwa na dumu tupu la mafuta. Mama Mizani hakwenda naye, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake na kitandani kulikuwa na mlima wa sare ambazo hazijatiwa vifungo. Alishona. Chini ya meza Kinda alichambua vifungo, vyeupe huku, vya bluu kule, akijifanya muuza duka. Bibi yake, mama mzaa baba, alikuwa mteja.

"Vifungo vyako bei gani, mama?"

"Vya huku ghali. Nenda kule."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Haya, Mama Mizani, njoo umsikie mrithi wako!"

Jua lilikuwa limeshapanda pale sauti ya barabara ilipobadilika. Malori, ambayo kwa kawaida yalipita yakinguruma kuelekea darajani, yalianza kusimama. Yalisimama moja nyuma ya jingine, injini zikiwaka, mpaka barabara yote ikawa ukuta wa mabati unaotetemeka. Muuza mkaa akapita mbio, mikono kichwani.

"Wamefunga geti! Huku wamezuia unga usitoke, na kule wamekasirika, wamefunga kila kitu! Hata mtu kwa miguu havuki!"

Na wazo la kwanza lililomjia Mama Mizani, wazo ambalo baadaye angelikumbuka mara nyingi, lilikuwa hili: unga utapanda kule, na huku mafuta yatapanda kabla ya jioni. Akili yake ilikimbilia mizani, kama mbwa anavyokimbilia mlango uliozoeleka. Kisha moshi wa malori ukaingia kibarazani, mweusi na mzito, na chini ya meza Kinda akakohoa.

Mama anajua vikohozi vya mwanawe. Kuna cha mafua, kuna cha kudeka, kuna cha kupaliwa na maji. Hiki kilikuwa kifupi, kikavu, na nyuma yake kulifuata filimbi nyembamba.

Alimbeba akamwingiza ndani, akafunga dirisha, akachukua pampu rafuni. Akaitikisa, akaiweka mdomoni mwa mtoto, akabonyeza. Ikatoa pumzi dhaifu. Akabonyeza tena. Haikutoa kitu.

"Mama," alimwambia mkwewe, na sauti yake ilikuwa ya kawaida mno, "mkalishe wima. Usimlaze. Mfungulie vifungo vya shingoni."

Simu ya mumewe ilipokelewa upesi.

"Uko wapi?"

"Huku getini. Nimesimama na dumu la mafuta kama mlinzi wa benki. Wanatufukuza, tunarudi, wanatufukuza."

"Pampu?"

"Iko mfukoni." Nyuma yake kulisikika watu wakipigiana kelele. "Kinda vipi?"

"Imeanza. Na ile imekwisha."

Mumewe hakusema, "Nilikwambia." Laiti angesema. Alisikia tu pumzi yake mumewe ikigonga kwenye simu, pumzi nzima, ndefu, ya mtu mwenye kifua kizuri, na akaichukia kidogo.

Alivuka barabara kwa kupenya katikati ya malori mawili. Dokta alikuwa anafunga mlango kuzuia moshi.

"Dokta, nipe pampu ya pumu. Ya bluu. Bei yoyote."

Kijana alimtazama, na usoni mwake hakukuwa na kisasi hata chembe. Ingekuwa heri kama kingekuwapo.

"Sina, mama."

"Usinifanyie hivyo. Najua nimekusema sana. Nitakuomba radhi mbele ya watu, lakini sasa hivi nipe."

"Mama, sikiliza. Sina. Nilikuwa naleta. Zikakaa hapo juu mpaka zikapita muda wake, nikazitupa. Nikaleta tena, nikatupa tena. Mtaa mzima mnanunua kule. Ningemletea nani?"

Aliangalia alipoonyesha. Ilikuwa rafu tupu, safi, imefutwa vumbi. Zamani alizoea kusimama pale pale na kuwachekesha watu. Sasa aliiona kazi ya mdomo wake, kama mtu anayerudi shambani na kukuta kisima alichokuwa akikitupia mawe kimefukiwa.

"Nenda zahanati," alisema Dokta, kisha akajikumbuka. "Leo Jumapili. Na muuguzi..."

"Analala kule," alimalizia yeye. "Kodi ya kule ndogo."

Hospitali kubwa ilikuwa mbali, njia moja tu, na njia hiyo ndiyo iliyokuwa ukuta wa malori. Pikipiki ingeweza kupenya, lakini ingepenya katikati ya moshi ule ule, na mtoto angefika amemeza barabara nzima. Dokta alimfungia kidonge kwenye karatasi.

"Kisage kwa maji, umpe. Kitasaidia, ila kinachelewa. Anachohitaji ni pampu. Nakuja nyuma yako."

Walimpa kidonge. Kinda alimeza akiwa amekunja uso, mabega yakipanda na kushuka, na kila pumzi ikavuta ngozi ndani katikati ya mbavu. Macho yake yalikuwa makubwa na tulivu, na utulivu huo ndio uliomtisha mama yake kuliko kilio. Mtoto hakuwa akilia kwa sababu alikuwa akibana matumizi.

"Nenda," bibi alisema. "Usimame hapa unitazamie nini? Mimi nitahesabu naye pumzi. Nenda mkaitoe hiyo pampu, hata kama mtaitoa kwa meno."

Darajani askari alikuwa kijana, bunduki ikimning'inia kama mzigo wa mtu mwingine. Suruali aliyoivaa askari huyo, Mama Mizani mwenyewe ndiye aliyeipunguza kiunoni.

"Shikamoo mama. Rudi nyuma."

"Baba yake mtoto yuko pale." Alimwona, ng'ambo ya geti, amenyanyua mkono juu ya vichwa vya watu. "Ana dawa mfukoni. Sitaki avuke. Nataka mkono wake uvuke tu."

"Hakuna kinachovuka. Hata sindano. Ndiyo amri."

"Mwanangu anashindwa kupumua."

"Mama, nikifungua wewe nimewafungulia wote hao." Alitazama nyuma, alikosimama mkubwa wake akizungumza na simu. Kisha akashusha sauti, macho yakiwa juu kama mtu anayekagua mawingu. "Mimi nimepangwa darajani. Amri yangu ni ya daraja."

Ilimchukua kitambo kidogo kumwelewa. Chini ya daraja mto ulipita ukiwa na maji ya kahawia, mwembamba kiasi kwamba wafua nguo wa pande zote mbili walisutana kutoka ukingo hadi ukingo.

Alipiga simu tena. "Shuka mtoni. Urushe."

"Ikizama?"

Aliyapima maji kwa macho.

"Subiri," alisema mumewe, na akakata.

Alisubiri ukingoni, miguu kwenye tope, Dokta pembeni yake. Hakuna jambo gumu kama kumsubiri mtu makini. Mumewe alikuwa mtu wa kutafuta tundu la sindano kwenye tairi kwa kulizungusha polepole ndani ya maji, na mara ngapi alikuwa amemfokea kwa sababu ya upole huo! Mara hii alitamani kupiga mayowe. Simu ililia, alikuwa bibi.

"Bado ananifuata," bibi alisema. "Tunahesabu. Lakini midomo inaanza kubadilika rangi, mwanangu. Fanyeni haraka."

Ndipo alipomwona mumewe akishuka ng'ambo, akiwa na kitu cheusi kila mkono. Alikuwa amekimbilia kwa fundi pancha mwenzake wa kule, wakakata tyubu kuukuu, wakaitia pampu ndani, wakaacha hewa kidogo na kuziba miisho kwa gundi na viraka, jinsi wanavyoziba kila siku. Kitu cha pili kilikuwa na umbo hilo hilo, lakini ndani yake aliweka jiwe.

"Narusha cha majaribio!" alipaza sauti.

"Baba Kinda, rusha!"

Kile cha jiwe kiliruka, kikapinda hewani, kikaangukia katikati ya mto na kuzama bila hata kuaga. Mumewe aliutazama mto. Alirudi nyuma, akavua shati, akasogea upande wa juu wa mkondo. Kutoka darajani mtu alipiga kelele, "Nyie! Mnafanya nini huko chini?" Alikuwa yule mkubwa.

Mumewe akarusha.

Kifurushi kilipita juu ya maji kikizunguka, na kwa muda mfupi Mama Mizani aliona wazi kwamba kitafika. Hakikufika. Kilipiga maji karibu na upande wake, kikazama, moyo wake ukazama nacho, kisha kikaibuka, cheusi na kinene kama kambale, na mkondo ukakidaka.

Hakujua kuogelea. Aliingia hivyo hivyo. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani, na chini ya nyayo tope likaanza kuteleza. Mkono ukamkamata nyuma: Dokta, naye kazama mpaka mbavuni, mkono mwingine ameshika shina la kichaka.

"Nyoosha mkono, mama! Nimekushika! Nyoosha!"

Aliunyoosha. Vidole viligusa mpira na kuusukuma mbali zaidi. Akauvuta utepe wa shingoni, ule wa kupimia, akaushika ncha mbili na kuurusha mbele kama kitanzi. Ukakikosa kifurushi. Akarusha tena. Ukakizunguka, na akauvuta taratibu, taratibu kuliko alivyowahi kuvuta uzi wowote, mpaka kikamgusa kidevuni.

"Wewe mwanamke! Nini hicho?" mkubwa alifoka kutoka juu.

"Ni suruali ya mteja, afande!" yule askari kijana alijibu kabla yake. "Ilichukuliwa na maji!"

Alikimbia nyumbani akiwa ameloa chapa, Dokta nyuma yake. Mlangoni aliukata mpira kwa mkasi wa kitambaa, mkasi ambao haukuwahi kuruhusiwa kukata kitu kingine, na pampu ikatoka kavu kabisa, kana kwamba imetoka mfukoni mwa Baba Kinda sasa hivi. Akabonyeza. Akasubiri. Akabonyeza tena. Bibi alikuwa bado anahesabu kwa sauti, akirudia namba zile zile, hakuthubutu kuacha.

Nafuu haikuja kwa kishindo. Ilikuja kama mtu anayerudi nyumbani amechoka: kwanza mabega yakashuka, kisha ngozi ya mbavuni ikaacha kuvutwa, kisha filimbi ikawa nzito, ikakatika, ikarudi, ikakatika. Mwishowe Kinda akafanya kile ambacho hakuwa amepata nafasi ya kukifanya. Akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kwa hewa nyingi, kwa israfu, na watu wazima watatu waliokaa sakafuni wakamsikiliza kana kwamba hawajawahi kusikia jambo zuri kuliko hilo.

"Mama umelowa," Kinda alisema alipomaliza.

"Nimelowa."

Dokta alikamua pindo la shati lake. Alipoinuka kuondoka, Mama Mizani alimfuata mpaka kibarazani. Malori yalikuwa yamezima injini. Madereva walikuwa wamelala chini yake.

"Geti likifunguliwa, niletee pampu. Mbili. Moja ikae kwangu, moja ikae kwenye rafu yako pale juu, nami nalipia zote."

"Mama, bei yangu unaijua."

"Naijua."

"Na usije ukanigeuka mwezi ujao ukanisimamia dukani na ile hadithi yako ya kule."

Alifungua mdomo. Bei ya kule ilikuwa pale pale, mwanzoni mwa ulimi, mpya kabisa, ya wiki hii. Aliimeza, na ilishuka kwa shida.

"Ya mafuta nitaisema," alisema. "Ya mafuta sikuahidi."

"Ya mafuta sema," Dokta alicheka. "Mimi siuzi mafuta."

Kabla jua halijazama mumewe alipiga simu. Geti halikuwa limefunguliwa, na hakuna aliyejua litafunguliwa lini. Alisikiliza kwanza, walimwekea simu karibu na kifua cha Kinda, aliyekuwa amesinzia mapajani kwa bibi, nao wote wakakaa kimya mpaka aliporidhika.

"Nitalala huku," alisema. "Kuna chumba cha wageni karibu na soko."

"Bei gani?"

Neno lilimtoka kabla hajalijua. Aliziba mdomo kwa kiganja. Bibi akainua macho kumtazama.

"Mama Kinda," mumewe alisema, na kwa sauti yake mkewe alijua kwamba alikuwa amekaa juu ya dumu la mafuta, amechoka, na kwamba hakuwa na hasira. "Sikuuliza."

Alivua utepe shingoni. Ulikuwa bado na maji, na namba zake zilianza kufutika. Aliutundika msumarini ukauke, akamgeukia mwanawe na kuweka kiganja juu ya kifua chake, kikapanda, kikashuka, kikapanda.